Madoa ya kijani kwenye picha ya Renoir

Umeuliza kama madoa kwenye ile picha ya mwanamke aliye uchi, ya mchoraji Mfaransa Renoir, ni ukungu au picha imeharibika. Hapana, si ukungu wala picha kuharibika. Yale madoa ya kijani na zambarau kifuani na mabegani kwa yule mwanamke Renoir kayapaka mwenyewe, makusudi. Ni jua linalopenya kwenye majani na kumwangukia mwilini. Hata jina la picha linataja athari ya jua. Kaa chini ya mwembe saa sita mchana uutazame mkono wako, utaona ngozi haibaki na rangi moja.

Hukukosea peke yako lakini. Picha ilipooneshwa Paris mwaka 1876, kwenye maonesho ya pili ya kundi la Renoir na wenzake, Waimpresionisti, Albert Wolff wa gazeti la Le Figaro aliandika kwamba ni nyama inayooza, kama ya maiti. Watu walizoea Venus, mungu wa kike wa mapenzi, wa kwenye Saloni (maonesho rasmi ya sanaa ya Paris), ngozi laini kama pembe ya ndovu na kivuli cha kahawia. Huyu kavaa bangili, hana dalili yoyote ya umungu, na kivuli chake kina rangi!

Ila usichukulie kwamba wote kwenye kundi hilo walichora uchi hivyo. Wanawake uchi wa Degas wako ndani, wameinama kwenye beseni wanajisugua au wanajifuta kwa taulo, na picha nyingi ni za pasteli, yaani chaki laini za rangi. Monet ndiyo kabisa, uchi si fani yake.

Hii ya Renoir ilikuwa mali ya mchoraji mwenzake Caillebotte, sasa iko Musée d'Orsay, makumbusho ya Paris.