Kupiga kambi na watoto kwenye shamba la farasi kando ya ziwa

Dada umeuliza kama ni salama kulala kwenye hema na watoto wa miaka 4 na 7 hapo shambani, mi nakwambia nendeni, watafurahi mno, ila ziwa ndo liogope kuliko farasi. Mtoto akizama hapigi kelele kama tunavyodhani, anazama kimya kimya, kwa hiyo hema liwe mbali na maji, sehemu iliyoinuka, na wakisogea tu ufukweni wavae jaketi za kuokolea, yale maboya ya kujaza upepo ni midoli tu jamani.

Farasi haoni nyuma yake kabisa wala chini ya pua yake, so wamwendee kwa ubavuni usawa wa bega huku wanaongea, akilaza masikio nyuma warudi. Karoti wampe baada ya kumuuliza mwenye shamba, kiganja kikiwa bapaa na dole gumba limebanwa, maana kidole kikijikunja anaweza kukiuma akidhani ni karoti. Viatu vya kufunika vidole, ndala hapana! Na uzio wasiushike, nyingi zina umeme.