Mnaokwenda Sabasaba kutoka huku juu, kubalianeni haya kabla ya safari

Kila Juni ikikaribia, wajasiriamali wa Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza kama inalipa kupeleka bidhaa Sabasaba, yale maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Inalipa. Ila kwa nilivyoona, banda likiharibika mara nyingi tatizo si bidhaa, ni watu watatu au wanne waliosafiri pamoja bila kukubaliana chochote. Sisi hupeleka kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na mchele wa Kyela, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua.

Anzeni na posho. Kila mtu apewe ya kwake mkononi kabla ya kuondoka, ya chakula na nauli za mjini, na iandikwe. Mtu mzima kumwomba mwenzake elfu tatu ya wali maharage mbele ya wateja ni fedheha, na mchana huo hatauza kitu. Pesa ya mauzo isiguswe kwa chai wala bodaboda. Malipo ya simu yapite kwenye lipa namba ya kampuni, sio namba ya mtu, hata kama mnaaminiana kama ndugu. Tena hasa kama ni ndugu.

La pili ni malazi. Basi la Mbeya linawashusha Mbezi Luis, na maonyesho yako Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Temeke. Hapo katikati kuna jiji zima na foleni zake. Lazima atatokea mmoja wenu mwenye shangazi Tegeta, atasema alale huko kuokoa hela ya gesti. Mkatalieni kwa heshima. Atafika bandani saa nne, amechoka, na wenzake wameshanuna. Tafuteni vyumba Temeke au Chang'ombe, mlale karibu. Shangazi ataenda kusalimiwa maonyesho yakiisha.

Sasa jambo ambalo watu wa nyanda za juu tunalisahau. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Dar yanafika 100. Kahawa mliyoizoea nyumbani kwa maji yanayotokota, mkiimwagia maji ya Dar hivyo hivyo inatoka chungu, na mteja anaondoka akidhani kahawa ya Mbozi ndivyo ilivyo. Epueni birika, subirini kidogo, ndipo mmimine. Mchele nao unaiva upesi zaidi kule, kwa hiyo wa kuonjesha upikeni jioni moja kabla ya maonyesho kuanza, mpate kipimo kipya cha maji. Na unga wa kahawa usiachwe wazi, ule unyevu wa pwani unaulainisha harufu ikaisha.

Msione kuonjesha ni hasara. Wanunuzi wa Dar wameuziwa mchanganyiko mara nyingi kwa jina la Kyela. Mama mmoja alichota punje kiganjani, akazipulizia pumzi ya moto, akanusa, akatafuna moja, kisha akamuuliza dada yetu wa mauzo, "Mwanangu, hii Kyela ya Kyela au Kyela ya mjini?" Dada hakubishana, alifunua sufuria tu. Mama akaondoka na kilo kumi.

Zamu zipangeni kwa kuangalia aina ya wateja. Tarehe 7 Julai, sikukuu yenyewe, ni nyomi, lakini wengi wametoka na watoto na wananunua pakiti mojamoja. Siku hiyo wekeni wenye nguvu na sauti. Wanunuzi wa jumla, wenye maduka na hoteli, huja asubuhi za siku za kazi kukiwa na utulivu, na hawapendi kusubiri. Hapo asimame yule anayejua bei ya jumla, kiasi mnachoweza kutoa kwa mwezi, na mzigo unafikaje Dar. Mnunuzi akiambiwa "ngoja nimpigie bosi," anahamia banda la pili. Kwa hiyo bosi aseme kabisa kabla ya safari: bei isishuke chini ya hapa, mengine amueni wenyewe.

Muwe na daftari moja la wateja, sio kila mtu na simu yake. Jina, namba, alichoulizia, na mlichomuahidi. Usiku huohuo mtumieni ujumbe, maana keshokutwa hatakumbuka mlikuwa banda lipi.

Maonyesho yakifungwa msirudi wote. Mmoja abaki siku chache azungukie wale walioandikwa. Abaki na sampuli, orodha ya bei na nakala za vyeti, kwa sababu duka kubwa hata mchele uwe mtamu namna gani, kwanza wanageuza pakiti kutafuta nembo ya TBS, shirika la viwango, na msimbomilia (barcode).