Maswali na majibu: mtoto, mpira na mtihani

Meseji ni nyingi, za kuomba majibu ya kunakili nimeziruka.

Mwanangu yuko la saba, shule imefuta michezo wasome hadi jioni. Kuna utafiti unaounga mkono hilo? (Mama, Nkuhungu)

Mama, mi sijauona. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, mwaka 2010 walipitia tafiti 50 za mazoezi shuleni na maendeleo ya darasani, mahusiano 251 yaliyopimwa, nusu hivi yalikuwa mazuri, karibu nusu nyingine hayakuonyesha tofauti, mabaya asilimia 1.5 tu. Sasa usinielewe vibaya, haimaanishi akikimbia atapata A, ila kucheza hakumshushi, basi hiyo jioni wanamnyang'anya kwa faida ya nani? Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanataka wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, miaka 5 hadi 17. Halafu ulizia kama hayo masomo ya jioni yanalipiwa, utaelewa mengi.

Kaka naomba topiki ya utafiti, michezo na watoto, haraka, supavaiza ananisumbua.

Hapana. Na yule wa wiki iliyopita naye hapana.

Nimejaziwa dodoso na watu 20 wa gruupu la WhatsApp. Niandike "wazazi wa Dodoma"?

Andika wazazi 20 wa gruupu lako. Mzazi wa Bahi asiye na simu janja humo hayumo. Na ukienda kuhoji watoto, ruhusa ya mwalimu mkuu haitoshi, ridhaa ya mzazi kwanza, na mtoto mwenyewe akikataa muache.

Nachagua timu ya chini ya miaka 13, wakali wengi wamezaliwa Januari hadi Machi. Ni nyota? (Kocha, Mpwapwa)

Nyota za wapi kocha! Mtafiti Barnsley na wenzake waliliandika hilo 1985 kwenye hoki ya barafu ya Kanada. Umri ukikatwa Januari mosi, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, ana mwili, kocha anaona kipaji, anampa namba, anazidi kuiva, mwenzake anakata tamaa anaacha mpira. Huyo mdogo mpe dakika. Na mkishaanza kuwapunguzia watoto miaka ili wacheze UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hata hesabu hii haifai tena, na mnajijua.

Wa miaka miwili aangalie simu muda gani?

WHO 2019: isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Na achangamke dakika 180, zigawe asubuhi na jioni, jua la saa saba la huku tunalijua.