Sponji la makochi kwenye sanduku la samaki

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza samaki hapa Malindi. Sanduku langu nimelitandika sponji la makochi ya zamani ya mtumba ili barafu ikae. Mpwa wangu yuko Nairobi, kazi yake kubomoa tivii na kompyuta mbovu, na plastiki zinazobaki huchomwa kando ya mto. Alipokuja likizo aliniambia kwamba plastiki hizo, na hata sponji langu, huenda zimetiwa dawa ya kuzuia moto, na kwamba dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mume wangu anabisha: mbona hatujaona samaki wakielea? Nani mkweli?
Mchuuzi, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpwa wako anasema kweli. Nianze na hoja ya mumeo, maana ndiyo inayowapoteza wengi.

Dawa hizi haziui kama utupa. Ukitia utupa dimbwini, samaki huelea papo hapo na kijiji kizima kikaona. Dawa za kuzuia moto, hasa zile zenye kemikali ya bromini, ziitwazo PBDE, humwacha samaki anaogelea na anakula, huku ndani anaharibika. Umbo la dawa hizo linakaribia sana lile la homoni ya tezi ya thairoidi, na kwa samaki homoni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa kifaranga na mabadiliko yake ya mwili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwalisha visamaki vya maji baridi aina moja ya dawa hizo, BDE-47. Baada ya siku kama kumi, utagaji wa mayai ulikoma, na mbegu za madume zilizokomaa zikapungua kwa zaidi ya nusu. Samaki hao hawakuelea. Utafiti mwingine, wa mwaka 2010, ulihusu samoni wachanga wa pwani ya Magharibi ya Marekani: waliolishwa PBDE kwa viwango vinavyopatikana katika chakula cha wenzao wa porini walishindwa kustahimili bakteria ambao wengine waliwamudu.

Hili linaniumiza kuliko samaki waliokufa ufukweni. Yai lisilotagwa halina wa kulilia. Mvuvi anaona nyavu zinakuja nyepesi, anailaumu kusi au mwezi, na maisha yanaendelea.

Sasa sponji lako. Dawa hii huchanganywa tu na sponji au plastiki, haishikamani nayo, kwa hiyo kadiri kitu kinavyozeeka na kumeguka ndivyo inavyotoka na vumbi. Sponji la makochi ya Marekani ya miaka ya 1990 lingeweza kubeba gramu 3 hadi 5 za dawa katika kila gramu 100. Majini haiyeyuki kwa urahisi. Hushika tope, kisha minyoo, kisha samaki, na hujilimbikiza kwenye mafuta. Nilipokuwa nafundisha uvuvi nilikuwa nikimpasua samaki mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha ini linavyong'aa kwa mafuta. Humo ndimo sumu za namna hii hukaa. Tena matumbo na ini la baadhi ya samaki huipunguza bromini kutoka kwenye molekuli kubwa, ikabaki ndogo, inayopenya mwilini kwa wepesi zaidi.

Wala si habari mpya. Mwaka 1981 wataalamu wa Sweden walitangaza kuikuta dawa hii ndani ya samaki wa mto Viskan, wenye viwanda vya nguo kandokando yake. Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya mataifa kuhusu sumu zisizooza upesi, ulianza kuzipiga marufuku PBDE mwaka 2009, na ile ya mwisho iliyotumika sana, dekaBDE, ikafuata mwaka 2017. Kenya ni mwanachama. Lakini marufuku haiitoi dawa iliyokwisha kutiwa kwenye kochi au tivii, na vitu hivyo bado vinaingia kwa makontena.

Mwambie mpwa wako asichome, hilo namsihi kama mwanangu. Moto wa jalalani hugeuza dawa hizi kuwa sumu nyingine ziitwazo dioksini za bromini, mbaya zaidi, na wa kwanza kuzivuta ni yeye. Majivu huenda mtoni. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, kisha Sabaki, ambayo tope lake unaliona wewe mwenyewe baharini kila masika. Makasha ya tivii yauzwe mazima kwa wakusanyaji wenye leseni.

Samaki endelea kuuza, sikukatazi. Mteja akikuuliza, mshauri asile maini na atoe mafuta ya tumboni, kwani kupika hakuiui sumu hii. Ila sponji litoe leo. Tandika gunia safi la katani, lililoloweshwa, na barafu juu yake. Sponji lenyewe usilichome wala usilitupe ufukweni: lifunge ndani ya mfuko mzito kabla halijaendelea kumeguka, ulipeleke kwenye gari la taka la kaunti, na sanduku ulisugue kwa sabuni kabla ya kupanga samaki wa kesho.