Usiivute injini ya asili kwa trekta kabla hujatoa vizibo vya kranki

Mkuu, hiyo trekta ya Jumamosi ighairi. Leo leo. Mpigie huyo mkulima umwambie unaumwa, umwambie mvua, umwambie lolote.

Nimesoma swali lako mara mbili. Mmetoa ghalani huko Lincolnshire, Uingereza, kigari cha kuwinda rekodi za mwendo cha miaka ya 1930, injini yake ya asili imelala tangu 1961, na unataka ushauri wa rangi, matairi, magneto (kile kifaa cha kuzalisha cheche) na bima. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unaandika: "Jumamosi tunalivuta na trekta tuisikie ikiunguruma, maana kwa mkono inazunguka vizuri tu." Hapo nikaweka kikombe chini. Maneno hayo hayo niliyaandika mimi miaka sita iliyopita kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Bado yapo. Wenzangu huyafufua kila mwaka mpya, wakinitakia heri.

Injini kuzunguka kwa mkono kunakwambia kwamba pistoni hazijagandana na silinda. Basi. Habari za oili hakukupi hata moja.

Sisi tulikuwa wanne, na fundi wa kweli pale nilikuwa mimi peke yangu. Ufundi nimeujulia Tanga, chini ya Land Rover na malori ya Leyland, kabla sijahamia Coventry. Nasema hivyo ujue si kwamba nilikuwa mgeni wa spana. Nilijua. Ndiyo maana inauma.

Gari letu lilikuwa la kiti kimoja, jembamba kama mtumbwi, limejengwa na mtu binafsi ili kuwinda rekodi za daraja la H, yaani injini zisizozidi sisi (cc) 750, kule kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands. Ndani mna injini ya Austin Seven ya sisi 747, kranki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ina beringi kuu mbili tu, na krankikesi, yaani kasha la kranki, ya alumini imegongwa namba ileile iliyo kwenye karatasi za gari. Hiyo namba ndiyo ilikuwa mali. Kila kitu kingine unaweza kununua kipya.

Sasa sikiliza jinsi injini ile inavyonyweshwa oili, maana msiba wote umo humo. Pampu haisukumi oili moja kwa moja hadi kwenye konrodi, ile mikono inayounga pistoni na kranki, kama kwenye gari la kisasa. Kuna jeti mbili ndogo, yaani vipua vya kurushia oili, tundu lake hata njiti ya kibiriti haipiti. Zinarusha oili kwenye kranki inayozunguka, kranki inaidaka, na mzunguko wenyewe unaisukuma kupitia vitobo vya ndani hadi kwenye beringi za konrodi. Ni ubunifu mzuri, lakini una tabia moja: kila uchafu ulio mzito kuliko oili unasukumwa pia, na unajibana ndani ya kranki nyuma ya vile vizibo vya chuma vinavyofunga vitobo hivyo, mwaka hadi mwaka, hadi unakuwa kama udongo wa mfinyanzi.

Ongeza na hili: magari ya mbio ya enzi zile mengi yalitiwa mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii aliyokupaka bibi kichwani. Kwa injini ya moto mkali ni mafuta mazuri sana, lakini yakikaa miaka yanageuka utomvu, kisha yanakuwa kama vanishi. Na hayapatani na oili ya kawaida ya madini. Mimi nikamwaga ndani oili mpya ya dukani, ile yenye sabuni ya kusafisha injini, nikajiona mjanja. Ile sabuni ikafanya kazi yake: ikabandua magamba ya miaka sabini kutoka kila kona na kuyatuma safarini. Yalipofika kwenye jeti yakapumzika.

Tukavuta gari. Ikawaka mzunguko wa tatu. Watu wakapiga makofi, mmoja akalia kabisa. Mimi macho yote kwenye geji ya oili, na geji inasoma juu kuliko tulivyotegemea. Injini zile kwa kawaida zina presha ndogo mno, sindano inainuka kidogo tu. Yetu ilipanda ikatulia juu, tukashangilia tena.

Mkuu, umeona? Jeti zikiziba oili haina pa kutokea, kwa hiyo presha inapanda. Geji ilikuwa inatuambia kwamba konrodi zinakufa kwa kiu, sisi tukasoma ni habari njema. Nina cheti cha ufundi na nilisoma hivyo.

Hapo ndipo akaingia yule mzee wa kofia. Kila klabu ya magari ya kale hapa Uingereza inaye: hana gari linalotembea, ana maoni yanayotembea. Ndiye aliyetukataza kufungua injini tangu mwanzo. "Injini ya asili haifunguliwi, mkishaifungua mmeua uhalisia wake." Nikamheshimu, mtu mzima, mvi zote zile. Siku hiyo akasimama pembeni mikono nyuma, akasema, "Presha safi, mpe moto sasa." Nikampa moto. Ilinoki, yaani iligonga ndani kwa ndani, sekunde kama tatu hivi, kisha konrodi ya tatu ikatoka nje ya krankikesi kuja kutusalimia. Tundu la ngumi. Na limepita wapi? Katikati ya ile namba.

Mzee akavaa glavu zake akaenda kunywa chai. Hakuwahi kurudia neno uhalisia mbele yangu.

Bili yangu peke yangu ilifika pauni 6,300: kranki mpya, konrodi, beringi kumiminwa upya, na mtaalamu wa kushona alumini aliyelitazama lile tundu kama daktari anayetafuta maneno. Kipande cha konrodi ninacho, nakalishia karatasi mezani. Ni kikalishia karatasi ghali kuliko gari la mke wangu, ananikumbusha.

Na usidhani ni ushamba wetu tu. Sunbeam ya 350 HP, lile gari la injini ya ndege ya V12, lita 18.3, ambalo mwinda rekodi Malcolm Campbell alilikimbiza maili 150.76 kwa saa kwenye mchanga wa Pendine, Wales, mwaka 1925, lilipatwa na jambo hilohilo likiwa mikononi mwa makumbusho ya Beaulieu. Mwaka 1993 waliliwasha kulijaribu, njia moja ya oili ilikuwa imeziba, injini ikajiua. Ikaja kuunguruma tena 2014. Wale wana karakana, wana wazee wa kujitolea wanaojua wanachofanya. Wewe una trekta.

Kuhusu uhalisia, likumbuke Babs, gari jingine la rekodi. Dereva wake, Parry-Thomas, alifia ndani yake Pendine mwaka 1927, wakalizika gari mchangani hapohapo. Owen Wyn Owen akalifukua 1969, limeliwa na chumvi, akalifungua lote mpaka nati ya mwisho na kulijenga upya na injini ya ndege ya Liberty ya lita 27. Umewahi kusikia mtu akisema lile si Babs?

Kwa hiyo fanya hivi. Shusha injini. Fungua sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, toa jeti, toa kranki, toa vile vizibo vyote hata kama itabidi kuvitoboa, kisha pitisha waya kwenye kila njia ya oili mpaka uone mwanga upande wa pili. Mafuta ya taa peke yake hayatoshi kwa nyonyo iliyokauka. Yalipita juu yake kwangu kama maji juu ya jani la mgomba. Kwaruza. Utakachokitoa kiweke kwenye kopo, nina hakika utanitumia picha. Ukimaliza, pampu oili kwa mkono hadi uione inatoka kwenye kila jeti kwa macho yako. Geji usiiulize.

Magneto itoe kabisa uifungie kabatini, ili mtu asije akaiwasha kwa bahati mbaya usipokuwepo. Rangi tutaongea injini ikiwa mezani.

Na kama kwenye kundi lenu kuna mzee wa kofia, Jumamosi mtafutieni kazi ya kuchemsha chai. Trekta umeshaighairi? Jibu hapa nijue.