Goti limesagika: ni lazima kisu?

Swali: Nina miaka 58, mkulima wa korosho Tandahimba. Goti la kulia linaniuma mwaka wa tatu sasa, na mwezi uliopita yameanza maumivu mengine, yanatoka kiunoni yanashuka mguuni. Eksirei inaonyesha goti limesagika. Natumia dawa za presha, nikizidiwa nameza diklofenaki. Naambiwa bila upasuaji sitapona. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo mama. Hapana, kisu bado. Picha na maumivu haviendi sambamba: wapo wenye goti baya kwenye eksirei wanaoshuka bondeni kuchota maji na kupanda tena.

Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa gotini) iliyolika hairudi, lakini misuli ya paja inayolibeba goti huongezeka nguvu hata uzeeni, na hapo ndipo tiba ilipo. Kaa kitini, nyoosha goti, hesabu hadi 5, shusha taratibu. Fanya mara 10, pumzika, rudia mizunguko miwili. Kisha simama na kuketi mara 10 bila kujishikiza, kama unaweza. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Mwanzoni litauma kidogo. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, endelea. Likivimba, punguza, usiache. Wengi hukata tamaa wiki ya pili, ilhali nafuu yenyewe huja kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Kama mwili umezidi, kila kilo unayopunguza hulitua goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Fimbo ishike mkono wa kushoto, upande usiouma (karibu kila mtu huikosea hii).

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo diklofenaki ya kumeza. Hupandisha presha, huumiza figo na tumbo. Muulize daktari wako kuhusu ya kupaka. Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) gotini hutuliza kwa wiki kadhaa tu, si ya kuchomwa kila mwezi.

Maumivu ya mguuni huenda ni diski ya uti wa mgongo inayobana mshipa wa fahamu, na wengi hupona bila upasuaji. Usishinde kitandani, tembea. Korosho zikianza kudondoka, okota kidogo, nyooka, zunguka. Beba nusu ndoo mara mbili.

Ila ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea, nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, siku hiyohiyo. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, omba upimwe TB, maana hushambulia hata pingili za uti wa mgongo.