Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya mnada

*Shangazi, nina miaka 34, ni mhasibu wa kampuni moja hapa Mtwara mjini, mwaka wa nane sasa. Napokea 900,000 mkononi. Hakuna anayeninyanyasa, ila kila siku nasubiri tu saa ya kutoka ifike. Marehemu baba alituachia shamba Newala, mikorosho 80, na nikiwa kule najisikia mzima. Nataka kuacha kazi nikalime, baadaye nibangue korosho mwenyewe. Mkopo wa mshahara umebakiza miaka miwili. Mume wangu anasema nisubiri, mama anasema naikimbia riziki. Nifanyeje?*
*Mchoshwa na Ofisi, Shangani*

Mwanangu, hamu yako si upuuzi. Kukaa ofisini miaka 26 mingine hadi ustaafu, moyo ukiwa Newala, ni mzigo mzito. Lakini wewe ni mhasibu, basi tupige hesabu.

Mkorosho uliopaliliwa, ukapogolewa na kupuliziwa kwa wakati, uupangie kilo 10. Mikorosho 80 ni kilo 800. Bei ya kilo ya korosho mnadani imewahi kuwa chini ya 2,000 na imewahi kupita 4,000. Hata kwa 4,000 unapata 3,200,000, na hapo hujatoa makato, pembejeo wala vibarua. Mshahara wako kwa mwaka ni 10,800,000. Shamba hilo, kwa ukubwa wake wa sasa, haliwezi kukulisha wewe na familia yako, hata ujitume vipi.

Kwa hiyo panda sasa, mshahara ukiwa bado unaingia. Tafuta miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mkorosho bora. Kituo cha utafiti cha Naliendele ndicho cha kuuliza kuhusu mbegu. Nafasi ni mita 12 kwa 12, karibu miche 28 kwa ekari. Itaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya kutegemea yatakuja baadaye zaidi. Ila kabla ya kuchimba shimo hata moja, malizeni mirathi. Umeandika baba "alituachia", maana yake mko zaidi ya mmoja. Ndugu wanaonyamaza shamba likiwa pori huzungumza likianza kulipa, na miche uliyopanda kwa jasho lako itahesabiwa ya wote.

Sasa kuhusu moyo wako. Kujisikia mzima shambani siku mbili za mapumziko hakutoshi kuwa ushahidi. Sheria inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ziombe Julai, mikorosho ikichanua, ukalale Newala. Salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), hupulizwa alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, robo kilo kwa mti, na hurudiwa kila baada ya siku 14. Kwa miti 80 ni kilo 20 kila raundi, na raundi tano zitakula mifuko minne ya kilo 25. Vaa miwani na barakoa, salfa inawasha macho vibaya. Ukichelewa, ubwiriunga unakausha maua na msimu umekwisha hapo. Wengi hukosea jingine pia: wanaona machipukizi yamenyauka, wanaongeza salfa, kumbe ni mbu wa mikorosho, ambaye salfa haimuui, anataka kiuatilifu cha maji. Ukimaliza mwezi huo mgongo unauma na bado unataka kubaki, hapo nitakuamini kabisa. Ukikuta unachotamani ni utulivu tu, basi dawa yako ni likizo, pengine na kubadili idara.

Pesa ya korosho huja msimu mmoja, tena baada ya mnada, siyo siku ya kupeleka gunia ghalani. Msimu wa 2018/19 wanunuzi waligomea bei, serikali ikanunua kwa 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo miezi kadhaa. Weka akiba ya matumizi ya miezi 12, na jisajili mapema kwenye chama cha msingi cha ushirika, maana bila usajili hupati pembejeo za ruzuku.

Mkopo uishe kwanza. Ukiacha kazi deni halifutiki, na benki itaendelea kukudai. Usitegemee mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, pia: fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari. Pensheni inadai michango ya miezi 180. Wewe una kama 96, kwa hiyo uliza namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari. Bima ya afya uliyopewa kazini nayo itakatika. Siku ikifika, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, dai malipo ya likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka ni cha aliyeachishwa na mwajiri, usikiweke kwenye bajeti.

Kubangua ni biashara nyingine. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, na mafuta ya ganda huunguza ngozi. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukajifunze, uliza vibali, na usinunue za majirani kienyeji. Hiyo ni kangomba na itakufikisha polisi.

Mume wako hajakukatalia, amesema usubiri. Mwonyeshe hesabu hizi leo jioni, mpange pamoja miaka hii miwili ya mkopo: mirathi mwaka huu, miche mvua zikianza, likizo Julai. Mama mpeleke shamba aone miche ikiwa imeshika.